Mzazi Aseme Mwenyewe: Maneno kwa Wanaojitolea Wapya

Mheshimiwa Diwani, Afisa Ustawi wa Jamii wa kata yetu, walimu, wazazi mliokuja na watoto wenu, na nyinyi mliojiandikisha kujitolea: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ambao sijawasalimu, habari za asubuhi.

Mwenyekiti amenipa dakika 20 na ameshaanza kuangalia saa, kwa sababu anajua mwalimu mstaafu akishika kipaza sauti huwa anarudi darasani. (Kicheko) Kwa hiyo naingia kwenye shughuli.

Nimezisoma fomu zenu jana usiku. Wengi mmeandika kwamba mnapenda watoto. Ni jambo jema, ila nataka niwaambie mapema ili mwenye kuondoka aondoke bila kinyongo: hatukuwaita kwa ajili ya watoto. Mtoto mwenye mahitaji maalumu akishafika shuleni ana mwalimu, akifika hospitali ana daktari. Ni wachache, wamezidiwa, lakini wapo. Asiye na mtu ni mama aliyemleta. Huyo ndiye tutakayeshughulika naye, na shughuli yenyewe ni ndogo kuliko mlivyofikiria: mtamsindikiza, mtakaa pembeni yake, mtaandika, na muda mwingi mtanyamaza.

Niwaonyeshe njia anayopita. Mtoto anachelewa kukaa. Au anachelewa kusema. Au alishikwa na degedege kabla hajatimiza mwaka, na baada ya hapo hakuwa tena yule wa mwanzo. Zahanati wanamwambia atakua tu, avumilie. Bibi anasema hata baba yake alichelewa kutembea. Mwaka unakatika. Siku anayofika hospitali ya rufaa anaelekezwa Muhimbili, au hospitali ya CCBRT kule Msasani, na huko ndiko anakosikia kwa mara ya kwanza maneno kama mtindio wa ubongo au usonji, ile inayoitwa autism kwa Kiingereza. Anayemwambia ana benchi zima la watu linalomsubiri. Mama anatoka na karatasi ya Kiingereza aliyoikunja mara nne, anaiweka kwenye pochi pamoja na nauli, na akifika nyumbani mume anamuuliza: wamesemaje? Hajui waliyosema. Alikuwa anambembeleza mtoto aliyekuwa analia.

Halafu kuna mazoezi ya viungo, na mazoezi hayafanywi siku moja yakaisha. Kutoka Mbagala hadi Msasani ni daladala zaidi ya moja. Mtoto ana miaka saba, yuko mgongoni, miguu inamfika mama magotini. Konda anamwambia mtoto mkubwa huyo alipiwe siti. Kama Mungu amejalia wakapata kiti mwendo, kile cha magurudumu, konda atasema kinakula nafasi ya abiria wawili. Na huyu mama anauza vitumbua. Siku anayokwenda kliniki hakaangi, na asipokaanga leo, kesho hana pesa ya mchele wala mafuta. Ndiyo maana nawaomba neno hili lisitoke vinywani mwenu hata siku moja, kwamba mzazi fulani hajali kwa sababu amekosa tarehe mbili za mazoezi.

Baada ya hospitali inakuja shule. Mwalimu mkuu wa jirani anamwambia kwa upole kabisa, mama, hapa hatuna kitengo, yaani darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Kitengo kiko kata nyingine. Anakwenda huko, anaambiwa alete barua ya kwamba mtoto amepimwa. Vituo vya upimaji wa kielimu ni vichache, kwa hiyo anatumwa halmashauri kwa Afisa Elimu Maalumu. Afisa yuko semina, arudi Jumatano. Jumatano afisa yupo, lakini cheti cha kuzaliwa hakipo, aende RITA, ofisi inayosajili vizazi. Kila ofisi ina sababu yake na ukiwauliza mmoja mmoja hakuna aliyekosea. Ni mama peke yake anayeijua safari nzima, kwa sababu kila mwingine ameona kipande chake tu.

Mambo haya yana historia. Elimu maalumu katika nchi yetu ilianzishwa na makanisa: Buigiri kule Dodoma kwa wasioona mwaka 1950, Tabora kwa viziwi mwaka 1963. Zilikuwa shule za bweni. Mtoto alichukuliwa kijijini, akapelekwa mbali, mzazi akamwona likizo. Madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili yalikuja baadaye sana, miaka ya 1980. Mpaka leo ukitaja shule hizi, watu wa Dar es Salaam watakutajia majina ambayo hayazidi vidole: Uhuru Mchanganyiko, Viziwi Buguruni, Sinza Maalum, Mtoni Maalum. Mimi nasema mfumo wetu ulizoea kumpokea mtoto mlangoni na kumwambia mzazi ahsante, rudi nyumbani. Hatukuzoea kumketisha mzazi tukamuuliza anajua nini. Tabia hiyo bado tunayo sisi walimu, nami nimo.

Sheria yenyewe imekwisha kwenda mbele yetu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma sawa na wenzake, na kusoma nao pamoja, isipokuwa pale ambapo mahitaji yake yanadai mpango mwingine. Kurasa zinazohusu elimu tumezitoa nakala, ziko kwenye mafaili mtakayopewa. Msizipeperushe mbele ya mwalimu mkuu kama hati ya mahakama. Mkifika hapo mmeshagombana, na mtoto ataingia darasa ambalo mwalimu wake ameshanuna. Mama aikunjue ile karatasi taratibu aseme, mwalimu, nimeelekezwa hapa pameandikwa hivi, naomba unisaidie kuelewa. Nimeona walimu wakuu wakilainika kwa sentensi hiyo kuliko kwa barua za wanasheria.

Sasa hilo faili. Ni la plastiki, la bei rahisi, na ni mali ya mama. Wewe usilale nalo kwako hata siku moja. Ndani yake kutakuwa na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, karatasi za hospitali, barua za shule, na daftari dogo. Nakala mtatoa steshenari, na risiti mtaleta kwa mweka hazina. Kwenye daftari mtaandika kila mlipokwenda: tarehe, ofisi, jina la aliyewahudumia na cheo chake, alichosema, alichoahidi, na lini. Ni hayo tu. Mnaweza kuona kazi ya karani, lakini subirini mwone ofisi inavyobadilika mama anapofungua daftari na kusema, tarehe 4 ulituambia turudi tarehe 18, na leo ni tarehe 18.

Jioni mtakaporudi, kabla hamjaagana, msomee uliyoandika. Kama anasoma mwenyewe, asome. Akisema hapa sivyo alivyosema, futa, andika la kwake. Hii ni dawa ya lile swali la mume la wamesemaje.

Nikae kidogo kwenye jambo la kunyamaza, maana ndilo litakalowashinda.

Mtaingia ofisini wawili. Wewe umevaa vizuri, umening'iniza kitambulisho shingoni, Kiswahili chako cha shule. Mama amevaa khanga, ana mtoto anayetoa udenda. Afisa atamtazama mama mara moja, kisha atakugeukia wewe: enhe, tatizo lake nini? Na wewe utajibu, kwa sababu umeulizwa na ni adabu kujibu. Kuanzia hapo mama amekuwa mzigo uliousindikiza. Nataka mfanye hivi. Ukiulizwa, mgeukie mama. Usiseme kitu, mtazame tu, kama mtu anayesubiri naye asikie jibu. Kimya kitakuwa kirefu na kitakuwasha. Kiache. Afisa atafuata macho yako.

Kuna mama wa huku kwetu, sitamtaja, ambaye mwanawe alifukuzwa darasa la awali kwa ukaidi. Mwalimu alikuwa ameandika kwenye ripoti kwamba mtoto haitiki, hatii, anapiga wenzake. Siku ya kikao mama aliulizwa kama mtoto ana tatizo la kusikia. Akasema: "Ngoma ya jirani anaisikia. Jina lake halisikii." Aliyemsindikiza alikuwa kijana wa chuo, msomi kweli kweli, na sifa yake kubwa siku ile ni kwamba alifunga mdomo. Sentensi ile ndiyo iliyompeleka mtoto kupimwa masikio. Anasikia mdundo, hasikii maneno. Sasa fikirini kama yule kijana angejibu kwa niaba yake. Angesema mtoto anasikia, kwa sababu hata yeye alishamwona akicheza ngoma ikipigwa.

Mama anajua mambo ambayo hayapo kwenye fomu yoyote. Anajua mtoto anashtuka pikipiki ikipita upande wa kushoto lakini si kulia. Anajua anakula ugali ila wali unamkaba. Anajua anatulia akishikishwa kitambaa fulani. Hajui tu kwamba hayo ni majibu ya maswali ya daktari, kwa kuwa hajaulizwa. Kwa hiyo usiku wa kuamkia kikao, mkiwa barazani kwake, mwulize habari za siku nzima ya mtoto, tangu anapoamka. Mkiona jambo linalofaa, mwambie: hili kesho ulitaje. Yeye alitaje, si wewe.

Na tafadhali, msipime ugonjwa. Siku hizi kila mtoto asiyetazama watu usoni mtu amekwisha kusema usonji, ametazama video mbili kwenye simu. Mtoto asiyeitikia inaweza kuwa masikio. Anayetumbua macho katikati ya somo inaweza kuwa kifafa, na kifafa kina dawa ambazo zinanywewa kila siku hata wiki ambayo hajaanguka. Hili la mwisho mliseme shuleni pia, kwa sababu kuna walimu wanaoogopa povu la mtoto wakidhani linaambukiza. Haliambukizi. Lakini kusema ni kifafa au si kifafa ni kazi ya hospitali.

Kuna haki moja ambayo wazazi wengi hawaijui, na inauma kwa sababu haigharimu kitu. Baraza la Mitihani linawaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa mtihani wa Hisabati wa saa mbili hizo ni dakika 40 nzima. Wenye uoni hafifu wanapewa karatasi zenye maandishi makubwa, wasioona wanapewa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Lakini Baraza halioti ndotoni kwamba mtoto wako haoni vizuri. Shule ndiyo inayopeleka taarifa wakati wa kuandikisha watahiniwa, na shule yenye madarasa manane ya watoto mia na kitu inaweza kumsahau mtoto mmoja anayeegemeza uso kwenye daftari. Kwa hiyo kama mama mnayemsindikiza ana mtoto anayekaribia mtihani wa kumaliza shule ya msingi, anzeni kuulizia mapema, mwaka mmoja kabla. Muulizeni mwalimu wa taaluma, mwandike jibu lake kwenye daftari.

Hapa niwatetee walimu wenzangu kidogo. Mkiingia kwenye kitengo mtakuta mwalimu mmoja na watoto wa umri tofauti na ulemavu tofauti, mmoja anataka kupelekwa chooni, mwingine anataka kutoka mlangoni kwenda barabarani. Huyo mwalimu huenda alisomea Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, na anajua anachofanya, lakini ana mikono miwili. Mwalimu wa darasa la kawaida naye hakufundishwa haya, au alifundishwa wiki moja. Msiende kwake na orodha ya malalamiko. Nendeni na ombi moja linalowezekana kesho asubuhi: mtoto akae mbele, karibu na dirisha, mwalimu asiongee akiwa amegeukia ubao, mtoto aruhusiwe kutoka akizidiwa na kelele. Likikubalika moja, mwezi ujao mtaomba la pili.

Nyumbani sasa. Mtakuta mama ameshakwenda kwa mganga, au kwenye maombi ya mkesha, au kote kuwili. Msicheke na msimhubirie. Alipokwenda kwa mganga ndipo mahali pekee alipoketishwa saa nzima akasikilizwa, na hilo liwasute wenye ofisi kabla ya kumsuta yeye. Ulizeni jambo moja tu kwa uzito: je, aliambiwa aache dawa za hospitali? Kama ndiyo, mjulisheni muuguzi wa zahanati siku hiyohiyo.

Mtakuta pia baba hayupo. Wengine wameondoka kweli, wakasema kwetu hatuna watoto wa namna hii. Lakini wapo ambao hawakuondoka, ila hakuna aliyewahi kuwaita. Barua ya shule inaandikwa "mama fulani", kliniki wanaitwa kina mama, vikundi vya vikoba ni vya kina mama, basi baba anaona suala hili halina mlango wa kuingilia. Wanaume mliojiandikisha leo nimewahesabu, ni wachache, na mna kazi ambayo sisi wanawake hatuiwezi. Nendeni kijiweni Jumapili jioni, kaeni kwenye kahawa, msianze na mtoto. Mkishazungumza mpira mpaka ukaisha, mwulizeni kama Jumanne anaweza kubeba kiti mwendo hadi kituoni, kwa sababu mama mgongo unamuuma. Kubeba kitu ni lugha ambayo mwanaume haoni haya kuijibu.

Msisahau dada za mtoto. Katika nyumba nyingi kuna binti wa miaka kumi au kumi na mbili ambaye anaacha shule siku za kliniki ili abaki na wadogo. Haandikwi popote. Mkipanga tarehe na hospitali, ombeni siku ambayo haimgusi, au mmoja wenu abaki na wale wadogo, pamoja na jirani anayeaminika na mama.

Nimefika kwenye makatazo, na hapa sitabembeleza mtu.

Hakuna picha. Sitaki kuona mtoto wa mtu kwenye stetasi yako, hata kama umeweka na maneno ya Mungu, hata kama mama amekubali. Amekubali kwa sababu anaogopa ukikasirika hutarudi.

Hakuna ahadi. Usiseme nitakutafutia mfadhili, usiseme kuna mzungu namjua. Mama atauacha mpango wake mdogo unaowezekana akae anasubiri wako mkubwa usiokuja. Pesa yako mfukoni ikikuwasha, lipa nauli yako mwenyewe.

Hakuna maneno. Utajua mambo ya ndoa za watu na magonjwa yao. Yaishie kwenye baraza ulipoyasikia.

Na hakuna mtu kubaki peke yake na mtoto ndani ya nyumba, awe mwanamke au mwanaume, hata dakika tano mama anapokwenda dukani. Ndiyo maana nimesema anayekaa na wadogo akae na jirani. Watoto hawa wanaumizwa kuliko wengine, kwa sababu aliyewaumiza anajua hawatasema, au wakisema hawataaminiwa. Ukiona alama, ukiona mtoto ameanza kuogopa mtu fulani, usifanye upelelezi wako. Zungumza na Afisa Ustawi wa Jamii, yuko hapa mbele, simameni mumwone. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Au piga 116, ni bure, ni simu ya huduma kwa mtoto.

Swali lililoulizwa sana kwenye fomu ni hili: nitajuaje kwamba nimesaidia? Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wa kuanzia miaka 7 wana ulemavu wa aina fulani, na mnaona wenyewe hesabu hiyo haikuwagusa wadogo wa chini ya miaka 7, ambao ndio mama zao tunaowapata wa kwanza. Kwa hiyo kazi haitaisha mkiwa nayo. Kipimo changu mimi ni kidogo na nimekitumia muda mrefu: siku mama atakapokupigia simu kukwambia usije, amekwenda mwenyewe halmashauri na amerudi na barua. Utasikia wivu kidogo. Ni kawaida. Siku hiyo mpigie mratibu, akupe mzazi mwingine.

Utaratibu ni huu. Mtapangwa wawili wawili, mmoja mwenyeji na mmoja mgeni, na kila jozi itapewa mzazi mmoja tu kwa kuanzia. Tunaomba siku moja kwa wiki kwa mwaka mmoja. Anayeona atamaliza miezi mitatu kisha anahamia mkoani kikazi, atuambie leo, tutampa kazi ya nakala na mafaili, inahitajika pia. Ila tusimpe mama mtu atakayemzoea kisha amwache njiani. Wanaojua lugha ya alama waje meza ya kushoto, tunawahitaji kuliko wote, kuna wazazi viziwi wawili ambao mpaka leo wanatafsiriwa na mtoto wao wa darasa la tatu. Wengine meza ya kulia, mje na kitambulisho cha NIDA na majina ya wadhamini wawili, mmoja awe mtendaji wa mtaa wako. Chai iko nyuma, wazazi wenye watoto watangulie.